Mwanga Juu ya Meza ya Kukatia

9 Februari

Bisibisi mwanangu,

Bosi alitangaza jana baada ya chakula cha mchana, cherehani zote zikiwa zimezimwa ili asikike: sare za hospitali tumepewa sisi, na kabla hatujazianza rasmi karakana itabaki na mkataji mkuu mmoja, si wawili kama sasa. Atamchagua mwishoni mwa Juni, kwa kazi atakayoiona mezani. Hao wawili ni mimi na Mpole.

Hujambo lakini? Sisi huku hatujambo. Bomba la uani limetengenezwa, paka amezaa chini ya kitanda cha mgeni, basi mgeni asije kwanza. Goti la kaka yangu linaendeleaje? Mwambie nimesikia anapanda ngazi za ghorofani kwako kwa mashindano na watoto wa jirani, na kwamba dereva mstaafu hashindani na mtu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yangu hapa ina wasikilizaji wengi kuliko redio, na wewe hukatiza watu.

Shida yangu ni hii. Bosi amenunua projekta kuukuu kutoka ukumbi wa mikutano uliofungwa. Anataka tuitundike juu ya meza ya kukatia, ituonyeshe paterni moja kwa moja juu ya kitambaa, tuachane na makaratasi. Wazo si baya. Lakini picha tu haitoshi. Mkataji lazima aushike mstari, aongeze nyonga, apunguze bega. Meza za aina hiyo zipo, unaigusa nayo inasikia, ila Bosi aliposikia bei yake alikaa chini. Nikasema mbele ya watu kwamba binti wa kaka yangu anatengeneza projekta, na atatufanyia hii ya kawaida iguswe. Sasa usiniaibishe.

Sababu yangu ni vumbi la chaki. Linanikaa kifuani. Mwezi uliopita niliharibu vitambaa viwili, ni mkasi uliokuwa butu. Umeshanolewa.

Mpole ni kijana mzuri na mkono wake ni mzuri. Nimemfundisha mimi. Lakini meza ile nimesimama mbele yake tangu wewe unatambaa, na sitaki kwenda kukaa na kushona vifungo.

Shangazi yako

27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Baba anasema goti halina neno, tatizo ni ngazi. Amepata rafiki mpya, mzee wa duka la saa hapo chini, wanabishana kutwa nzima kuhusu barabara ambazo siku hizi hazipo. Mimi ni mzima. Kazi zipo, wiki hii nimefungua projekta nane, tano kati yake zilikuwa na ugonjwa wa vumbi tu.

Hilo la kifua umelionyesha kwa daktari?

Sasa meza. Projekta ni taa, Shangazi. Inaonyesha, haioni. Ili iguswe lazima tuipe jicho. Kwenye kifurushi hiki kuna kamera ndogo ambayo nimeifunika kwa kioo cheusi, ili isione kitu kingine ila mwanga kama ule wa rimoti ya runinga, ambao sisi hatuuoni. Kuna kalamu pia. Nchani ina taa ya mwanga huohuo: ukiikandamiza inawaka, ukiiinua inazimika. Kamera inaiona kalamu, inaiambia kompyuta ilipo, na kompyuta inausogeza mstari. Ndiyo siri yote. Wanaouza meza za bei ile wasikusikie.

Fundi wenu wa umeme aitundike projekta ikitazama chini wima, na kamera pembeni yake, vyote kwenye chuma kimoja. Dirisha la upande wa jua lipate pazia zito. Jua nalo lina mwanga huohuo. Likiingia, kamera itadhani kuna kalamu elfu.

Ukishawasha, utaona misalaba minne, mmoja kila pembe. Gusa misalaba minne mezani kwa kalamu, mmoja baada ya mwingine. Kisha utaona mstari ulioandikwa mita moja. Weka tepu yako mezani sambamba nao, uuvute mpaka ulingane na tepu. Basi. Huna haja ya kurudia mpaka mtu aigonge projekta.

Kila unachochora kinahifadhiwa. Kukiwa na shida, nitumie rekodi kwenye hii flashi, nitaona kila kilichopita.

Mwanao,
Bisibisi

24 Machi

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kilikaa ofisi ya mabasi siku kadhaa kwa sababu uliandika jina langu halisi, na hapa hakuna anayelijua.

Paka wamefungua macho. Wako watatu, mmoja Ovaloki ameshamchukua. Ovaloki ni yule mwenzangu wa mashine ya kufunga pindo, si mnene si mwembamba, mwenye mdomo. Ulipokuja mara ya mwisho ndiye aliyekuuliza kama umeolewa kabla hujakaa.

Meza inafanya kazi. Fundi wa umeme alitundika chuma, akashuka, akapanda tena kukiweka sawa, akasema kazi hii haimo katika aliyokubaliana. Pazia nimelishona mwenyewe. Nilipogusa msalaba wa kwanza ukageuka kijani, wanawake wote wakaacha cherehani. Ovaloki akasema, "Kumbe dawa ya uzee ni umeme." Nikamwambia asubiri zamu yake, betri zake huenda ni za kuagizwa. Hata Mpole alicheka, na Mpole hucheka kwa mwaka mara moja.

Tulikata shati moja la majaribio, la Bosi mwenyewe. Kitambaa tabaka moja, mwanga juu yake. Lilimkaa vizuri, akakataa kulivua. Hapo nikakushukuru kimoyomoyo.

Lakini mashine yako ina ugonjwa. Mistari iliyonyooka haina shida, kwa sababu nagusa mwanzo na mwisho, kompyuta inajaza katikati. Shida ni mizingo, ile mistari iliyopinda, ya kwapa na ya katikati ya suruali, ambayo lazima ichorwe kwa mkono. Hapo mstari unatetemeka. Unatoka kama umechorwa ndani ya gari. Mzingo wa kwapa la Bosi ilibidi Mpole aunyooshe wakati wa kukata.

Angalia rekodi, urekebishe upesi. Siku zinakwenda.

Kifua hakijambo.

Shangazi

11 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Tumepata kifo jengoni, yule mama wa ghorofa ya chini aliyekuwa akimpa Baba magazeti. Baba hajabishana na mzee wa saa wiki nzima. Sasa anayanunua mwenyewe na kulalamika kwamba habari zimepungua.

Nisamehe kwa mstari. Nimeiona rekodi na ni kweli, unatetemeka, na aibu ni yangu. Mambo matatu ninayoyashuku. La kwanza, feni ya projekta. Imechakaa, inatikisa chuma kizima, na kamera iko kwenye chuma hichohicho. La pili, cherehani zenu. Zikiwaka zote sakafu inatetema mpaka darini. La tatu, kamera yenyewe. Niliinunua ya bei ya chini, nikijua.

Nimekutumia kamera nyingine na mipira minne ya kuweka kati ya chuma na dari. Nimetuma feni pia. Fundi wa umeme mwambie hii nayo haimo katika aliyokubaliana.

Nina ombi moja la kiufundi. Chora mzingo wa kwapa wakati cherehani zote zimezimwa. Halafu mtu mwingine auchore uleule, yeyote, Mpole au Ovaloki. Hivyo nitajua kosa liko wapi.

Kuna jambo la ajabu kidogo kwenye rekodi. Kamera mbovu hutetemesha mstari ovyo ovyo. Huu wa kwako unatetemeka kwa mpigo mmoja, kama saa. Mzee wa duka la saa nilipomwonyesha alisema ni mtetemo mzuri sana. Ndiyo maana nashuku feni.

Bisibisi

2 Mei

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Pole kwa msiba. Mwambie kaka yangu habari hazijapungua, ila zamani alikuwa anazipata bure.

Kamera imebadilishwa. Feni imebadilishwa. Mipira imewekwa. Fundi wa umeme sasa anajiita mshirika wako.

Mstari bado unatetemeka.

Mvua imeingia stoo ya kitambaa, marobota mawili yameloa upande, tumeyaanika uani na kuyapiga pasi tena. Bosi anapita mezani kila jioni sasa. Anaangalia, anajikuna kidevu, anaondoka. Juzi alimwuliza Mpole kama ameizoea kalamu, Mpole akajibu kwamba kalamu ni ya Mama. Ananiita Mama tangu zamani.

Nimeanza kuchora mapema kabla wengine hawajafika. Si kwa sababu yoyote, ni utulivu tu.

Rekodi iko ndani ya flashi.

Shangazi

15 Mei

Shikamoo Shangazi,

Tuko wazima. Naandika haraka kwa sababu basi la jioni linabeba vifurushi.

Rekodi nimeiangalia yote. Mizingo ni saba. Sita inatetemeka kwa ule mpigo mmoja, pamoja na miwili iliyochorwa asubuhi cherehani zikiwa zimezimwa. Wa saba ni laini kama umekatwa kwa wembe. Meza ileile, kamera ileile, dakika chache baadaye. Hukuniandikia ni wa nani, na mimi siulizi.

Mwezi mzima nimekuwa nikibadilisha vyuma ambavyo havikuwa na kosa.

Nilimwonyesha Baba mistari yote saba. Sikumwambia ni ya nani. Alitazama kwa muda, akasema, "Mama yetu alikuwa akibeba kikombe kwa mikono miwili. Watu wakidhani ni adabu." Halafu akaomba chai.

Shangazi, ndani ya flashi hii kuna programu mpya. Inautuliza mstari. Inachukua mtetemo wa ule mpigo, inauondoa, inabakiza njia ambayo mkono ulikuwa unaelekea. Mstari utachelewa kidogo nyuma ya kalamu, kama mtoto anayeburutwa sokoni, lakini utafika. Nimeijaribu kwa mizingo yako ile sita. Ikishatulizwa, ni mizuri kuliko ule wa saba. Huo mwingine ni laini, lakini wa kwako unajua kwapa liko wapi.

Inatuliza mstari tu. Ningependa umwone daktari, na safari hii usiniambie habari za kifua.

Mwanao

21 Juni

Bisibisi,

Salamu kwa kaka yangu. Sisi ni wazima. Umesubiri barua hii mwezi mzima, nami sikuwa na la kuandika mpaka sasa ninalo.

Nimeacha meza.

Programu yako ilifanya kazi. Wiki tatu nimechora mizingo ambayo sijaichora tangu mkono huu uanze vituko vyake, na vituko vina mwaka wa pili sasa. Mkasi haukuwa butu. Kifua hakijawahi kuniuma. Ulishajua.

Jumanne Bosi alitaka kuona bunda la kwanza la hospitali, saizi kubwa, liwe ndilo la kupimia kati yetu wawili. Tukapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka kikafika kimo cha kiganja. Nikachora mimi, mizingo ikatulia kama maji ya mtungi. Mpole akapitisha mashine ya kukatia. Ijumaa zikatoka kwenye cherehani, Bosi akamwita mlinzi wa geti avae, kwa kuwa yeye ndiye saizi yenyewe. Suruali ikagoma nyonga. Shati likagoma kifua. Tukachukua nyingine, ikagoma palepale. Ovaloki akasema labda mlinzi ameshiba.

Bosi akaniangalia. Nikajua ni nini: mstari nimeudanganya, kitambaa kimekataa kudanganywa. Sikungoja aulize. Nikasema mbele ya wote kwamba mkono wangu unatetemeka, kwamba nimeuficha kwa mashine, na kwamba bunda limeharibika kwa sababu yangu. Mkasi wangu nikamkabidhi Mpole. Alikataa kuupokea, nikauweka mezani mbele yake.

Mpole akasema, "Mama, na mimi nilikuwepo." Nikamwambia alikuwepo, ndiyo, lakini hakuchora.

Jumatatu naanza kwenye vifungo. Nguo zimewekwa stoo, zote zimebana sawasawa, kifua, nyonga, hata urefu, kama zimefuliwa kwa maji ya moto. Mashine yako nitaifunga vizuri niirudishe. Haina kosa. Umefanya kazi nzuri na mimi nakushukuru.

Shangazi yako

26 Juni

Shangazi, shikamoo.

Usifunge kitu. Usiguse chuma kile. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Mkono unaotetemeka hauwezi kubana nguo sawasawa pande zote. Ungeharibu hapa ukaacha pale. Shati moja lingebana na jingine lingepwaya. Umeandika mwenyewe: kifua, nyonga, hata urefu. Huo si mkono. Huo ni mwanga.

Taa ukiisogeza karibu na ukuta, picha inakuwa ndogo. Ukuta ukiusogeza karibu na taa, ni hivyohivyo. Ninyi mmepanga kitambaa kimo cha kiganja; mmeinua ukuta. Paterni ilipimwa kwa meza tupu ikaangukia juu ya bunda, sentimita nane karibu zaidi na projekta, ikapungua karibu sentimita nne katika kila mita. Shati la Bosi lilitoka sawa kwa sababu lilikuwa tabaka moja.

Niliandika "gusa misalaba minne mezani" na "weka tepu mezani". Maneno hayo ni yangu, nimeyasoma tena kwenye nakala. Nilipaswa kuandika "juu ya kitambaa, kila bunda jipya". Sijawahi kukata nguo. Nilidhani meza ni meza. Wewe umekata nguo maisha yako yote, lakini hujawahi kukata kwa mwanga. Hakuna kati yetu aliyejua ni kitu gani mwenzake hakijui.

Mlinzi avae suruali ya saizi kubwa iliyokatwa Jumanne, kisha avae mtu wa saizi ya kati. Nadhani itamkaa.

Sijampigia Bosi, ingawa simu nimeishika mara kadhaa. Uliyoyasema kuhusu mkono ni ya kweli, na ni wewe uliyeamua kuyasema. Sitaki ionekane nimekuja kuyafuta. Bunda tu ndilo si lako. Ukitaka, mpe Bosi ukurasa huu.

Baba anakusalimu. Nilimwomba akuandikie mistari miwili hapa chini kwa mkono wake, akasema hajui miwani yake iko wapi. Ilikuwa puani.

Bisibisi

8 Julai

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Bosi amesoma ukurasa wako mara mbili, kisha akamsomea fundi wa umeme, aliyesema yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Akaulizwa kwa nini hakusema. Akajibu halikuwemo katika aliyokubaliana.

Tulipima. Umepatia. Bunda lote ni saizi ya kati kamili, tumebadilisha lebo, hospitali imelipokea. Ovaloki ndiye aliyevaa suruali ya kupimia kwa sababu hakuna mwingine wa saizi hiyo aliyekubali kutazamwa. Akasema Bosi akishamaliza kumzunguka kukagua suruali, amwambie na yeye kama amefaulu.

Bosi aliniita ofisini. Alisema anachagua mkataji mkuu mmoja kama alivyotangaza, ila kazi yenyewe ameikata vipande viwili. Mchoraji ni mimi. Anayepitisha mashine ya kukatia ni Mpole, na cheo amekichukua Mpole. Niliuliza kama ni kwa ajili ya bunda. Akasema hapana, ni kwa ajili ya vidole vyangu kumi, na kwamba anataka kuviona vyote kumi mwaka ujao. Sikubishana. Mashine ile ina wembe mrefu kuliko kiganja, na nimekuwa nikiishika kwa hofu bila kumwambia mtu. Mkasi Mpole ameurudisha. Nimemwachia.

Imeniuma, nisikudanganye. Siku mbili nilikaa kwenye vifungo. Siku ya tatu Mpole alikuja mezani akaniuliza nyonga ya sare za wauguzi iongezwe wapi, nikachukua kalamu.

Daktari nimemwona. Aliniambia nichore duara kwenye karatasi, nikamwuliza kama anataka kwa programu au bila programu. Anasema si ule ugonjwa mbaya wa kutetemeka niliokaa nao moyoni miaka hii miwili. Ni mtetemo wa ukoo, hauui, kuna dawa, kwa wengine hupungua na kwa wengine hapana. Tutajua kwa kuimeza. Kisha akauliza kama kuna mwingine katika familia aliyeacha kuandika, aliyeacha kujinyoa mwenyewe, anayeomba kikombe kisijazwe.

Miwani iko puani, naye anasema hajui iko wapi ili asishike kalamu, na wewe ukadhani ni mzaha. Unafanana naye: kilicho puani hukioni.

Nimempa daktari jina la kaka yangu. Bunda la wauguzi tunalipanga Jumatatu tarehe 21, tepu juu ya tabaka la juu kabisa. Kliniki ni Jumatano tarehe 30. Mimi naingia saa tatu kamili, yeye saa tatu na nusu. Mpandishe basi la Jumanne asubuhi, na usimwambie safari ni ya nini mpaka limeondoka.

Shangazi yako